Somo: Kuongeza RAM kwenye kompyuta ya nyumbani, kwa mfano wa Dell OptiPlex 7010

Wakuu, habari za leo.

Kompyuta nyingi za mezani tunazonunua kwa matumizi ya nyumbani ni zile zilizotumika maofisini Ulaya na Marekani kisha zikaletwa huku: Dell OptiPlex, HP Compaq Elite na wenzao. Ni mashine imara, ila nyingi huuzwa zikiwa na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta inapofanya kazi) ya 4GB, na 4GB siku hizi inamezwa na kivinjari chenye kurasa chache tu. Ndiyo maana ukilalamika kwamba kompyuta ni nzito, ushauri wa kwanza unaopewa ni "ongeza RAM". Mara nyingi ushauri huo ni wa kweli, lakini si kila mara, na hela inayotoka ni yako. Kwa hiyo tunaanza kwa kupima kabla ya kugusa kasha.

Nitatumia Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 kwa kuwa zimejaa mtaani. Tahadhari moja mapema: mwaka 2023 Dell walitoa mashine nyingine kabisa kwa jina hilohilo la OptiPlex 7010. Ukienda dukani ukataja jina peke yake, unaweza kurudi na RAM isiyoingia. Taja na prosesa, ile chipu kuu ya kompyuta. Ile ya zamani ina Intel Core ya kizazi cha pili au cha tatu.

Hatua ya 1: Pima

Fungua vitu vyote unavyotumia kwa kawaida: kivinjari na kurasa zako, Word, WhatsApp ya kompyuta. Mashine ikianza kukwama, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager ikifunguka, nenda kwenye Performance, uangalie mistari miwili: Memory na Disk.

Memory ikiwa juu ya 85% au 90% na diski nayo inahangaika, RAM haitoshi. Windows ikiishiwa nafasi huhamishia sehemu ya data kwenye diski. Diski ya kuzunguka hujibu kwa milisekunde, RAM hujibu kwa nanosekunde. Tofauti hiyo ndiyo inayokugandishia kipanya.

Sasa tuseme Memory iko 50% na Disk iko 100% muda wote. Hapo RAM haina kosa lolote. Ukiongeza hata 16GB, kompyuta itawaka polepole vilevile na Word itachelewa kufunguka vilevile. Dawa yake ni SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu watu wengi wanauziwa RAM kwa ugonjwa wa diski.

Kwenye ukurasa huohuo wa Memory utaona kasi ya RAM iliyopo na maandishi kama "Slots used: 2 of 4", yaani sloti (sehemu za kuchomekea RAM) mbili kati ya nne zimetumika. Andika pembeni. Wa Linux, tumieni `free -h` na `sudo dmidecode -t memory`.

Hatua ya 2: Jua mashine yako inakubali nini

RAM za DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani. DDR3 ya kompyuta ya mezani ina pini 240 na hutumia volti 1.5. DDR4 ina pini 288 na volti 1.2. DDR5 nayo ina pini 288, lakini volti ni 1.1 na lile pengo dogo katikati ya pini limekaa mahali pengine. Ukiona pengo halilingani na sloti, acha. Usikandamize.

7010 yetu inatumia DDR3 hadi kasi ya 1600, ina sloti nne, na inabeba hadi 32GB, yaani 8GB kwa kila sloti. Ile ya kasha dogo kabisa ni tofauti: ina sloti mbili za RAM za laptop.

Hatua ya 3: Kununua

Hapa ndipo hela inapopotea, kwa hiyo tukae kidogo. Shika RAM mkononi usome stika yake. Utakuta kitu kama hiki:

4GB 2Rx8 PC3-12800U

4GB ni ukubwa. 2Rx8 ni mpangilio wa chipu. PC3 maana yake ni DDR3. 12800 ni megabaiti zinazoweza kupita kwa sekunde, na ukigawanya kwa 8 unapata 1600, ile kasi tunayoitaja kila siku. PC3-10600 ni 1333. Kwa DDR4, PC4-19200 ni 2400 na PC4-25600 ni 3200.

Herufi ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. U ni RAM ya kawaida ya kompyuta ya mezani. S ni ya laptop. R ni ya seva. RAM za seva za DDR3 zinafanana sana na za kwetu, zina pini 240 na pengo mahali palepale, zinaingia kabisa kwenye sloti, na bei yake inavutia kwa sababu zinatolewa kwa wingi kwenye seva zilizostaafu. Kwenye OptiPlex hazifanyi kazi. Utawasha na skrini itabaki nyeusi. Zipo pia DDR3 za bei ya chini zinazouzwa mtandaoni kwa maelezo kwamba ni za AMD pekee. Mwenye Intel azipite.

Kununua RAM iliyotumika hakuna ubaya, kwa sababu RAM haina kitu kinachozunguka wala kulika. Sharti ni moja: ichomekwe na ijaribiwe mbele yako. Beba kasha lako hadi dukani kama inawezekana. Na ukiweza, chukua mbili zinazofanana, kwa mfano 4GB mbili badala ya 8GB moja, ili prosesa isome kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Kwa mashine inayotumia grafiki za ndani ya prosesa faida yake inaonekana, maana grafiki hizo zinakula RAM hiyohiyo.

Hatua ya 4: Kuchomeka

Zima kompyuta kabisa. Chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde kama kumi ili chaji iliyobaki iishe. Laza kasha mezani, vuta kibanio, mfuniko utoke. OptiPlex hii haihitaji bisibisi kwa hatua hiyo.

Gusa chuma kitupu cha kasha kabla ya kugusa RAM, na urudie kila ukisimama na kurudi. Umeme tuli wa mwilini unaweza kuua chipu bila wewe kuhisi chochote. RAM ishikwe kingo, vidole visiguse pini za dhahabu.

Piga picha kwa simu kwanza, ujue nini kilikuwa wapi. Jozi inayofanana ikae kwenye sloti zenye vibanio vya rangi moja. Sukuma vibanio vya pembeni vifunguke, linganisha pengo, kisha weka dole gumba kila upande na ubonyeze moja kwa moja kuelekea chini. Inahitaji nguvu kuliko wengi wanavyotegemea. Utasikia "tak" upande mmoja, halafu "tak" upande wa pili, na vibanio vitasimama vyenyewe. Kibanio kisiposimama, RAM haijakaa, hata kama kwa macho inaonekana imeingia.

Hatua ya 5: Washa na ujaribu

Dell inaweza kukuambia kiasi cha RAM kimebadilika na kukutaka ubonyeze F1. Ni kawaida, endelea. Ndani ya Windows, andika `mdsched` kwenye sehemu ya kutafuta, iwashe upya na iache ipime. Anayetaka uhakika zaidi aweke Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi na kuiacha usiku mzima. Kosa hata moja linatosha kuirudisha RAM dukani.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mimi nina 4GB moja tu. Nikiongeza 8GB zitakubaliana, au lazima zilingane?*

Zitakubaliana, ndugu, mradi zote ni DDR3 za herufi U. Kwenye Intel, 4GB za mwanzo kutoka kila upande zitasomwa kwa njia mbili, na zile 4GB zinazobaki kwa njia moja. Kama moja ina kasi ya 1333 na nyingine 1600, zote zitakwenda 1333.

*Nimeweka 8GB lakini Windows inasema ninazoweza kutumia ni 3.4GB. Nimeibiwa?*

Hapana. Angalia kwenye "System type". Kama imeandikwa 32-bit, Windows hiyo haivuki 4GB hata ukiweka 32. Hifadhi mafaili yako, kisha uweke Windows ya 64-bit upya. Kama tayari ni 64-bit, fungua `msconfig`, nenda Boot, halafu Advanced options, uhakikishe "Maximum memory" haijawekewa tiki.

*Kaka, nimefuata kila kitu, ila ikiwaka inapiga mlio na skrini ni nyeusi. Naogopa nimeiua.*

Tulia, dada, mara nyingi haijafa. Kwenye Dell za aina hii milio miwili maana yake haioni RAM. Kwenye HP Compaq nyingi za ofisini ni milio mitano na taa nyekundu. Chomoa umeme, toa RAM zote, sugua pini taratibu kwa kifutio cheupe cha penseli, pangusa vumbi lake, kisha rudisha moja tu. Ikiwaka, zima uongeze ya pili. Kwa kwenda moja moja utajua kama mbaya ni RAM au ni sloti.

*Nina steshenari, mashine ni 7010 yenye 4GB na diski ya kuzunguka. Hela niliyonayo inatosha kitu kimoja. RAM au SSD? Na je, nikiongeza RAM itaingia Windows 11?*

Windows 11 inahitaji 4GB tu, kwa hiyo RAM siyo kizuizi. Kizuizi ni prosesa: kwa Intel, orodha ya Microsoft kwa sehemu kubwa inaanzia kizazi cha nane, na yako ni ya kizazi cha pili au cha tatu. Windows 10 nayo msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo ifikirie Linux Mint, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, kwa kazi za kuchapa na kuprinti, baada ya kuhakikisha printa yako inakubali.

Kuhusu hela, rudi Hatua ya 1 ukiwa na wateja, siyo asubuhi mashine ikiwa haina kazi. Memory ikigonga 90% hapo, nunua 4GB nyingine. Ikibaki chini ya 70% huku Disk iko 100%, nunua SSD ya SATA, hata ya 240GB, na ile diski ya zamani uibakize ndani kwa kuhifadhia kazi za wateja.