Gari Limeharibika Wiki ya Kwanza: Namna ya Kumkabili Aliyekuuzia

Siku ya nne tangu ninunue gari, napanda mlima na watoto nyuma, mshale wa joto ulianza kupanda. Nikazima kiyoyozi, nikapunguza mwendo. Haukusikia, ulipanda mpaka ukagusa alama nyekundu. Nilipofungua boneti mvuke ukanipiga usoni. Nikampigia simu aliyeniuzia. Alipokea haraka, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa: "Dada, hayo ni maji tu yamepungua. Ongeza, endesha, usiwe na wasiwasi." Nikaongeza, nikaendesha. Kwa siku tisa nilikuwa naongeza maji kila asubuhi kabla ya kutoka. Siku ya kumi gari likazimika barabarani. Silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, ilikuwa imepinda.

Nilipompelekea, upole ule sikuukuta. "Umeliendesha likichemsha. Injini umeiua mwenyewe." Na kwa kuwa siku zote tulizungumza kwa simu, sikuwa na hata mstari mmoja wa kuonyesha kwamba ni yeye aliyeniambia niendeshe.

Kwa hiyo naanzia pale nilipokosea. Kasoro ikijitokeza, simamisha gari, usilitengeneze, na umwandikie muuzaji siku hiyohiyo. Haya matatu yana uzito kuliko yote nitakayoyasema baadaye.

Ulisimamishe kwa sababu kila kilomita unayoongeza baada ya kuijua kasoro muuzaji ataitumia kujitetea. Usilitengeneze kwa sababu injini ikishafunguliwa ushahidi umepotea: atasema fundi wako ndiye aliyeiharibu, na hutakuwa na la kumjibu. Tena sheria za sehemu nyingi humpa muuzaji nafasi ya kuiona kasoro na kuirekebisha kwanza, na ukimnyima nafasi hiyo unajidhoofisha. Na umwandikie kwa sababu maneno ya simu hayana shahidi. Akikupigia, zungumza naye vizuri tu, halafu ndani ya dakika kumi mtumie ujumbe: "Kama tulivyoongea muda huu, umenishauri niongeze maji na niendelee kuendesha. Naomba uthibitishe." Ningeutuma ujumbe huo siku ile ya mlimani, kesi yangu ingekuwa nyingine.

Barua yenyewe iwe fupi. Taja tarehe ya kununua, namba ya chesisi, kilomita zilizokuwa zikisomeka siku ya kukabidhiwa na zinazosomeka sasa, kasoro uliyoiona na siku uliyoiona, unachotaka, na siku ya mwisho ya kujibiwa. Kwenye magari mengi namba ya chesisi ina tarakimu na herufi 17, ingawa yaliyotengenezwa kwa soko la Japani huwa na fupi zaidi; inakili kwenye gari lenyewe, kisha uilinganishe na kadi ya gari na mkataba. Zisipofanana, una tatizo kubwa kuliko injini. Matusi usiweke, wala usimwite mtu mwizi. Barua hiyo huenda siku moja ikasomwa na mtu asiyewajua nyote wawili, na utataka akuone wewe ndiye mtulivu.

Usiku huohuo, kabla hujalala, tafuta tangazo la gari ulilonunua na upige picha ya skrini. Matangazo hufutwa. Langu lilisema "injini haijaguswa, ingia uendeshe", na kesho yake mchana halikuwapo tena. Hifadhi na meseji zote za wakati wa kupatana bei, hata zile za salamu, kwa sababu zinaonyesha tarehe.

Sasa fundi. Tafuta asiyefahamiana na muuzaji, na umweleze mapema kwamba hutaki atengeneze bali apime na aandike. Mafundi wengi wanapenda kusema na hawapendi kuandika, kwa hiyo kaa naye mpaka karatasi iwe na jina lake, sahihi, tarehe, namba ya chesisi na kilomita. "Gari bovu" haitoshi. Inatakiwa iandikwe kipimo gani kimefanyika na kimetoa nini: mgandamizo wa kila silinda, presha ya mfumo wa kupoozea, hali ya oili.

Fundi wangu aliniita nione mwenyewe. Aligeuza kifuniko cha oili, chini yake kulikuwa na utando mzito wa rangi ya maziwa ya chai. Hayo ni maji yaliyochanganyika na oili. Halafu akaweka kwenye mdomo wa rejeta kichupa chenye dawa ya buluu, injini ikinguruma. Baada ya muda dawa ikageuka njano, maana yake hewa chafu ya silinda inavuja na kuingia kwenye maji. Gasketi, kile kizibo kilicho kati ya silinda hedi na injini, imekufa. Nilipiga video kuanzia buluu mpaka njano bila kukata, na dashibodi ikionekana mwanzoni ili zisomeke kilomita.

Kilichonisaidia kuliko yote ni mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Nilidhani inasoma makosa tu. Kumbe magari mengi ya miaka ya karibuni huhifadhi pia umbali uliotembewa tangu kumbukumbu ya makosa ilipofutwa mara ya mwisho. Mkataba wangu ulikuwa na kilomita 118,406. Siku ya kipimo dashibodi ilisoma 118,893, yaani nilikuwa nimeliendesha kilomita 487. Mashine ikaonyesha makosa yalifutwa kilomita 502 zilizopita. Toa uone: kilomita 15 kabla sijakabidhiwa funguo, mtu alikuwa amefuta kumbukumbu. Peke yake hilo halithibitishi ulaghai, maana fundi anaweza kufuta baada ya ukarabati halali, na baadhi ya magari hupoteza kumbukumbu hata betri ikichomolewa. Lakini ni swali ambalo muuzaji analazimika kulijibu, na wangu hakuwa na jibu.

Ukiwa hapohapo, washa swichi bila kuwasha injini na utazame taa za dashibodi. Taa ya injini na ya mifuko ya hewa zinatakiwa ziwake kwanza, kisha injini ikiunguruma zizime. Isiyowaka kabisa huenda imechomolewa makusudi ili ufikiri hakuna kosa. Na kama unashuku kilomita zimerudishwa nyuma, linganisha namba na uchakavu wa mpira wa pedali, na stika za kubadilisha oili zilizosahauliwa kwenye fremu ya mlango.

Ijue haki yako kabla hujaenda kukaa naye. Nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza zilirithi misingi ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya mwaka 1893: anayeuza kama biashara anatakiwa atoe kitu chenye ubora unaokubalika na kinachofaa kwa matumizi yake. Gari lililotumika halipimwi kama jipya, umri na bei vinaangaliwa, ila gari lisiloweza kupanda mlima wiki ya kwanza ni vigumu kulitetea. Uingereza yenyewe sasa ina Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015, inayompa mnunuzi siku 30 za kuirudisha bidhaa mbovu na kudai fedha zake. Zikipita hizo, kasoro inayojitokeza ndani ya miezi 6 huhesabiwa ilikuwapo tangu mwanzo, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Marekani wafanyabiashara wa magari yaliyotumika hutakiwa kubandika karatasi kwenye gari inayoonyesha kama linauzwa na dhamana au "kama lilivyo". Ulize sheria ya nchi uliyopo, na uulize wiki hii, kwa sababu siku zinakwisha.

Angalia pia risiti imetoka kwa nani. Uliyepatana naye anaweza kuwa dalali tu, na madai yako yakawa kwa mwenye gari au kampuni iliyoandikwa kwenye mkataba. Kama ulilipa kwa kadi, wajulishe benki mapema. Wakati mwingine wanaweza kuyarejesha malipo. Kama ni mkopo, endelea kulipa marejesho. Ukiacha, utakuwa na kesi mbili.

Siku ya kwenda, usiende peke yako. Chukua mtu mtulivu atakayesikiliza na kuandika. Beba nakala, na asili ziache nyumbani. Na uwe umeshaamua unataka nini, kwa mpangilio: fedha zako zote, au kubadilishiwa gari, au kutengenezewa kwa gharama yake, au kupunguziwa bei ulitengeneze mwenyewe. Nilifika bila kuamua, nikaishia kulalamika saa nzima, na malalamiko hayana pa kutiwa sahihi.

Utasikia sentensi tatu. "Gari la mtumba ni bahati nasibu." Mwonyeshe tangazo, mwambie hukununua bahati, ulinunua kilichoandikwa pale. "Ulilikagua mwenyewe." Kweli, lakini kukagua kwa macho hakufunui gasketi, wala kumbukumbu iliyofutwa. Ya tatu: "Uliuziwa kama lilivyo, na ulisaini." Hii ndiyo nzito, na baadhi ya nchi huipa nguvu kweli. Hata hivyo kwa kawaida haimkingi aliyedanganya waziwazi au aliyeficha jambo analolijua. Uliza swali moja, "Nani alifuta kumbukumbu ya makosa kabla ya mimi kukabidhiwa?", halafu unyamaze. Ukimya huo ni mgumu, unatamani kuujaza. Usiujaze.

Wangu aliinuka, akaenda nyuma, akarudi na bosi wake. Fedha zangu zote sikuzipata, kwa sababu ya zile siku tisa. Walikubali kulipa theluthi mbili ya matengenezo, gasketi mpya na hedi kusawazishwa, na theluthi moja ikawa juu yangu.

Mkikubaliana, andikeni kabla spana haijagusa boliti: kitakachofanywa, spea zipi mpya, kwa siku ngapi, nani anavuta gari, na dhamana ya kazi hiyo ni ya muda gani. Ukiliacha kwao, piga picha za kilomita, mshale wa mafuta, tairi la akiba na redio, na wakusainie kwamba wamelipokea. Karatasi ya "sina madai zaidi" usiiguse mpaka uwe umeliendesha.

Akikataa kabisa, mpe barua ya mwisho yenye siku 14, kisha nenda kwenye mamlaka ya kulinda walaji, chama cha wafanyabiashara wa magari kama yumo, au mahakama ya madai madogo ambako mara nyingi huhitaji wakili. Usilitelekeze gari mlangoni kwake, na mitandaoni usiandike usichoweza kuthibitisha. Nimeona mwenye haki akigeuka mshtakiwa kwa neno moja.

Siku ya kulichukua walikuwa na haraka, karatasi iko mezani, kalamu juu yake. Nikaomba funguo kwanza. Nikalipandisha mlima uleule, nikarudi, nikaliacha likinguruma uani boneti likiwa wazi, nikasimama pembeni kusikiliza feni ya rejeta. Ikawaka, ikazima. Ikawaka tena, ikazima. Ilipozima mara ya tatu mshale ulikuwa bado katikati, nikaingia ndani kusaini.