Kabla hujachagua viza ya kustaafia ughaibuni na mke mdogo na watoto

Shemeji yangu ana miaka 63, dada yangu ana 38. Shemeji ni Mwingereza aliyefanya kazi mgodini Geita mpaka akastaafu, na wanaishi Buswelu hapa Mwanza na watoto watatu: wawili wa kwao, na binti wa miaka 16 ambaye dada alimzaa kabla ya ndoa hii. Walipoamua kuhama, jioni nyingi barazani zilikwisha kwa kubishania nchi. Mmoja Thailand kwa sababu ya bahari, mwingine Hispania kwa sababu ya jua. Miezi ikapita kabla mtu yeyote hajathubutu kuuliza lililotakiwa kuulizwa siku ya kwanza: mzee akitangulia, dada na watoto wataruhusiwa kubaki huko kwa haki gani?

Kulisema mbele ya mwenye umri ni kugumu. Kwetu linaonekana kama kumtabiria mtu kifo. Lakini tofauti ya miaka 25 haifichiki, na viza isiyomjali mjane itamwonea katika wiki yake mbaya kuliko zote.

Viza nyingi za kustaafu anapewa mtu mmoja, wengine wanaambatana naye. Thailand inataka mstaafu awe amefikisha miaka 50, awe na baht 800,000 benki au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi. Dada hajafika umri huo, kwa hiyo angeingia kama tegemezi. Hapo ruhusa yake yote inaning'inia kwenye faili la mumewe, na mume akifariki msingi wa ruhusa umeondoka. Angetafuta njia nyingine matanga hayajaanuliwa.

Linganisha na Uingereza. Watu wengi hapa mjini wanaamini huko kuna viza ya wastaafu. Haipo, ilifungwa mwaka 2008. Mke wa raia anaingia kwa viza ya mwenza, na masharti yake ni mazito: kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka tangu Aprili 2024, au akiba ya pauni 88,500, mtihani wa Kiingereza na cheti cha kupimwa kifua kikuu. Pensheni inahesabika kwenye hicho kipato. Na humo ndani mna jambo lililonifanya nimpigie dada simu usiku: mume akifariki mke akiwa bado kwenye viza hiyo, mjane anaweza kuomba ukaazi wa kudumu palepale, bila kungoja miaka mitano ya kawaida itimie. Sisemi kila mtu aende kwenye baridi ya Uingereza. Ninasema kila nchi mnayoitaja, ulizeni kwanza sheria yake kuhusu mjane, na jibu mlipate kwa maandishi.

Fuatilieni na pensheni yenyewe. Pensheni ya serikali ya Uingereza huongezwa kila mwaka kwa mstaafu anayeishi nchi za Umoja wa Ulaya, na pia Ufilipino. Akiishi Thailand, au akibaki hapa Tanzania, inaganda kwenye kiwango alichoanza kukipokea. Miaka ishirini ya kuganda, wakati bei ya mchele inapanda, si jambo dogo. Tena pensheni hiyo, kwa waliofikisha umri kuanzia tarehe 6 Aprili 2016, kwa sehemu kubwa haimfuati mjane. Kwa hiyo ile pensheni ya kazini ndiyo ya kukaguliwa: jina la dada limeandikwa kwenye fomu ya mrithi, au bado kuna jina la mke wa kwanza? Shemeji alikwenda kuangalia. Lilikuwa bado la mke wa kwanza.

Suala la kazi nalo. Mzee amechoka, anataka kuvua samaki na kusoma magazeti. Dada hajachoka. Amezoea kushika hela yake mwenyewe tangu alipokuwa anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Ile viza ya Hispania ya kuishi kwa kipato chako haimruhusu mtu kufanya kazi. Viza ya D7 ya Ureno, nayo ya wenye kipato kama pensheni, ukishapata kibali cha ukaazi, inaruhusu. Mwanamke wa miaka 38 akikaa miaka mingi bila kazi atakuja kuwa mjane asiye na mchango wake mwenyewe wa pensheni, wala lugha ya sokoni.

Halafu pigeni hesabu kwa vichwa vyote, maana kiwango kinachotangazwa ni cha mtu mmoja. Kwa mwaka 2025 Hispania ilitaka euro 2,400 kwa mwezi kwa mwombaji na 600 kwa kila tegemezi. Familia ya watu watano ni euro 4,800. Ureno ilianzia kima cha chini cha mshahara, euro 870, ikaongeza nusu yake kwa mwenza na asilimia 30 kwa kila mtoto: jumla 2,088. Familia ileile, pensheni ileile, mlango mmoja umefungwa na mwingine uko wazi. Bima ya afya ya mtu wa miaka 63 iwekeni pembeni na ipigiwe hesabu yake.

Binti wa miaka 16 ndiye mwenye saa inayokimbia. Akifika 18 hahesabiwi tena kama mtoto kirahisi, na nchi nyingi zitataka uthibitisho kwamba bado anasoma na anawategemea wazazi. Kwa kuwa baba yake mzazi yuko hai, ubalozi utataka ridhaa yake ya maandishi. Msiliache hilo mpaka mwishoni.

Sasa karatasi. Ng'ombe walitoka na ukoo ulishuhudia, lakini ubalozi unataka cheti cha ndoa kilichosajiliwa. Vyeti vya kuzaliwa viwe vya RITA. Nyaraka zihakikiwe Wizara ya Mambo ya Nje kabla ya kupelekwa ubalozini, na zile zinazohitaji tafsiri zitafsiriwe na mtu anayetambuliwa. Someni herufi moja moja. Kwenye cheti cha kuzaliwa cha dada, jina la ukoo limeandikwa Kisukuma kamili, lina "bh". Kwenye pasipoti na cheti cha ndoa kuna "b" peke yake. Herufi moja hiyo imetugharimu wakili, hati ya kiapo na wiki tatu. Na kwa kuwa umri umepishana sana, maofisa watapima kama ndoa ni ya kweli: wekeni picha za miaka yote, jumbe, risiti za ada, akaunti ya pamoja.

Kuna na kiwanja. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na asiye raia kwa kawaida hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Nyumba ya Buswelu iko kwa jina la dada. Akifika huko ughaibuni akashawishiwa kuchukua uraia wa wenyeji, atakuwa ameiweka hatarini. Ukaazi wa kudumu unamtosha, pasipoti yake ya Tanzania aishike. Ni rai yangu, na mama yetu kule Sengerema anaiunga mkono kwa nguvu kuliko mimi.

Mwanza hatuna ubalozi, kwa hiyo kila karatasi iliyosahaulika ni safari nyingine ya Dar. Thailand imeshafutwa kwenye orodha. Zimebaki Ureno na Uingereza, na shemeji mwenyewe ndiye anayemuuliza mwanasheria wa Ureno swali la mjane. Jumamosi dada anakwenda Geita kuonana na baba wa binti, ameshaiandika barua ya ridhaa, imebaki sahihi.