Kuisoma nishani ya Légion d'honneur kabla hujatoa pesa

Nishani yangu ya kwanza ilikuwa msalaba wa Légion d'honneur, nishani ya heshima ya Ufaransa, wenye mwaka 1870 katikati. Niliamini ilivaliwa vitani dhidi ya Waprusi, na muuzaji hakunisahihisha. Kumbe mwaka ule ni wa kuzaliwa kwa Jamhuri ya Tatu ya Ufaransa, na uliendelea kuandikwa hivyo hadi 1951. Yangu ingeweza kuwa ya 1930. Tangu siku hiyo sinunui bila kupitia hatua hizi.

Hatua ya 1: Tazama juu, inaponing'inia. Taji ni dalili ya enzi ya wafalme au ya akina Napoléon. Shada la majani ni la Jamhuri, kuanzia 1870. Ukikosa vyote viwili, ama ni ya mwanzo kabisa, kabla taji halijaongezwa 1806, ama ni ya Jamhuri ya Pili (1848 hadi 1852), ama imevunjika. Tafuta kovu la kuchomelea.

Hatua ya 2: Linganisha mbele na nyuma. Hapa usiwe na haraka. Napoléon mbele na tai nyuma: Ufalme wa Kwanza au wa Pili wa akina Napoléon. Henri IV, mfalme wa zamani wa Ufaransa, mbele na mayungiyungi nyuma: Wabourbon, ukoo wa kifalme uliorudi kutawala kuanzia 1814. Henri IV na bendera mbili: mfalme Louis-Philippe, 1830 hadi 1848. Kichwa cha mwanamke na bendera mbili: Jamhuri ya Tatu.

Sasa ugumu wake. Wabourbon waliporudi, wapo askari wa Napoléon waliobaki na msalaba uleule wakabadilisha kisahani cha kati tu. Kwa hiyo mwili wa zamani wenye Henri IV unaweza kuwa halali kabisa, na mimi naupenda kuliko ule usioguswa. Ninachokiogopa ni kinyume chake: Henri kung'olewa leo ili awekwe Napoléon mwenye bei. Inamisha nishani chini ya taa, pitisha kikuza cha mara kumi kwenye ukingo wa kisahani. Uchafu wa miaka mingi hujaa mwembamba na mweusi, umeshikana na chuma. Gundi mpya hung'aa, na chuma kilichokwanguliwa juzi huwa cheupe.

Hatua ya 3: Enameli. Ni kioo kilichoyeyushwa, kwa hiyo kumeguka kidogo kwenye ncha ni kawaida. Rangi iliyopakwa kuziba pengo hujitokeza chini ya taa ya urujuanimno, kwa sababu haifanani na kioo kilicho jirani yake.

Hatua ya 4: Mihuri. Hizi ni alama ndogo za Ufaransa za kuthibitisha fedha au dhahabu. Kwenye pete tafuta kichwa cha nguruwe mwitu kwa fedha, cha tai kwa dhahabu. Mihuri hiyo ilianza 1838. Anayekuuzia "ya 1810" yenye muhuri huo akueleze ulifikaje pale. Ya shevalie, daraja la kwanza kutoka chini, ni ya fedha. Ya ofisa, daraja linalofuata, ni ya rangi ya dhahabu, na utepe wake una ua la kitambaa.

Hatua ya 5: Karatasi. Msalaba kwa kawaida hauandikwi jina la mwenyewe. Ukija na hati, ingia Léonore, hifadhi ya mtandaoni ya Ufaransa isiyo na malipo, yenye majalada ya waliotunukiwa wakafariki kabla ya 1977. Linganisha jina, cheo na tarehe. Vikikubaliana, ifunge hati pamoja na nishani na usiviuze kamwe kimoja kimoja.