Bodi ya Land Rover ya zamani: unyooshe au ubadilishe?

Wadau wa Arusha na Moshi mnaofufua Land Rover Series (zile za zamani kabla ya Defender), kabla hujakubali fundi akwambie "hii tupa, tafuta nyingine" chukua sumaku uipitishe bodi nzima. Madigadi, boneti na bati la nje la mlango sumaku haishiki, hiyo ni aluminiamu, haili kutu nyekundu, kwahiyo ikibonyea we nyoosha tu. Madigadi ya asili usiitupe kabisa aisee.

Shida wengi wanaigonga ikiwa bado ngumu inapasuka. Ilainishe kwanza: paka sabuni ya mche pale ilipobonyea, pitisha moto wa gesi kwa mbali huku unauzungusha, sabuni ikigeuka nyeusi toa moto hapo hapo. Usisubiri iwe nyekundu kama chuma, haiwi, inaanza kuyeyuka hata kabla ya nyuzi 660 na utabaki na tundu. Ikipoa gonga na nyundo ya mbao taratibu, chini yake umeweka kifuko cha mchanga.

Sumaku inaposhika ndo pa kuwa makini, yani chesisi, fremu za milango na ule ukuta kati ya injini na dereva. Chokonoa na bisibisi pale miguu inapokaa na kwenye nguzo za bawaba, ikizama kata mpaka ukute chuma kinachong'aa, halafu weka kiraka cha bati la geji (unene) ile ile, uchomelee doti doti ukihama hama maana ukivuta mstari mmoja bati linajikunja. Kabla ya kuchomelea betri toa, na tanki la mafuta pia, kwenye Land Rover ile fupi linakaa chini ya siti ya mbele!! Na pati (ile dongo ya kuziba mabonde kabla ya rangi) juu ya kutu usikubali hata kama fundi ni shemeji yako, masika ikiingia tu inavimba.

Kubadilisha ukuta mzima mimi nakubali nguzo zote mbili zikiwa zimeoza, ila funga milango uone inakaa sawa kabla hujachomelea chochote. Kuna jamaa yangu alichomelea kwanza, kazi safi kabisa, mlango ukagoma kufunga, ikabidi akate upya.

Wakati wa kurudishia, aluminiamu inapokutana na chuma weka mpira au silanti (gundi ya kuzibia maji) katikati, zikigusana na unyevu upo aluminiamu ndo inaliwa. Angalia chini ya mlango pale bati lilipokunjiwa kwenye fremu, ukiona unga mweupe tayari imeshaanza.