Kupima kasi ya wimbi la mshtuko kwenye korona ya Jua

Elektroni za korona, yaani angahewa ya nje ya Jua, zikitikiswa na wimbi la mshtuko hutoa mawimbi ya redio kwa masafa yanayotegemea msongamano wake: megahezi ni 0.009 mara kipeuo cha pili cha idadi ya elektroni katika sentimita moja ya ujazo. Kadiri unavyopanda kutoka kwenye Jua, elektroni hupungua na masafa hushuka. Kwa hiyo mstari unaoteremka kwenye spektrogramu, yaani picha ya masafa dhidi ya muda, ni wimbi linalopanda.

Pakua faili la FITS, muundo wa data za wanaanga, la mtandao wa e-CALLISTO, wa vituo vinavyosikiliza redio za Jua. Ni bure, na kila moja hubeba dakika 15. Tafuta kituo kinachosikia megahezi 20 hadi 80, na uhakikishe Jua lilikuwa juu pale. Majina ya mafaili hutumia saa za UTC: saa sita mchana Dar es Salaam ni 09:00.

Lifungue kwa Python, maktaba ya astropy. Kwenye kila chaneli, yaani kila safu ya masafa, toa mediani yake (thamani ya katikati), la sivyo mnguruno wa mtambo wenyewe utafunika kila kitu. Kituo kikifika huko, mistari ya mlalo kati ya megahezi 88 na 108 ni redio za FM, ifute. Mistari iliyokaribia kusimama wima, ya sekunde chache, ni milipuko ya redio ya Jua ya aina ya III, iache. Unayoitaka ni aina ya II, ile ya wimbi la mshtuko: hudumu dakika kadhaa, mara nyingi kwa mikanda miwili, wa juu ukiwa na masafa kama maradufu ya wa chini.

Wengi huharibu hapa. Fomula ile ya masafa inataka mkanda wa chini. Ukisoma wa juu, gawa kwa 2 kwanza.

Tuseme mkanda wa chini umeshuka kutoka megahezi 80 hadi 40 kwa sekunde 300. Elektroni katika sentimita ya ujazo ni milioni 79, kisha milioni 19.75. Kwa modeli ya Newkirk, inayokadiria msongamano wa elektroni kwa kila umbali, umbali kutoka kitovu cha Jua, kwa nusu vipenyo vyake, ni 4.32 ÷ logi (msingi 10) ya (elektroni ÷ 42,000): 1.32 na 1.62. Tofauti, kabla ya kukadiria, ni 0.297, zidisha kwa kilomita 696,000, gawa kwa 300: kama kilomita 690 kwa sekunde. Kama namba zile zilikuwa za mkanda wa juu na hukuzigawa, jibu sahihi lilikuwa kama kilomita 1,090 kwa sekunde.

Juu ya madoa ya Jua korona ni nzito zaidi, hivyo wengine huzidisha msongamano wa Newkirk kwa 2. Kipimo kilekile hapo hutoa kama 860. Kasi isiyotajiwa modeli yake usiiamini, hata ikiwa yako.