Kebini ikishapanda, usiiamini jeki peke yake

Mafundi wa vijiko na magreda, hasa nyie mnofanya kazi huku Unguja na Pemba karibu na bahari: kebini ya kuinamisha (chumba cha dereva kinoinuliwa kwa jeki ya mafuta) ukishaipampu ikapanda usitie hata mkono chini yake kabla hujaweka ile nondo ya kuzuilia na pini yake, maana jeki imeshikwa na mafuta tu, hozi ikipasuka au sili ikivuja kebini inashuka na wewe umo. Kabla hujapampu weka mashine pahala tambarare, toa chupa za maji na maspana mule ndani (vikiporomoka vinavunja kioo, na kukipata kioo hapa ni shughuli), halafu tazama waya na hozi zisivutike.

Kurudisha kebini chini ndo watu hufanya kwa pupa. Kagua raba za kukalia kebini, na bolti zilizoliwa na kutu ya chumvi usizirudishe, tia mpya za daraja lile lile ukaze kwa spana ya kipimo (ile inopima nguvu ya kukaza), namba zimo kwenye kitabu cha mashine. Na wallahi usitoboe wala usichomelee fremu ya kebini, ile ndo inomlinda dereva mashine ikipinduka.