Nyenje Aliyeshiba Juzi Hamfai Kinyonga

Ndugu mfugaji wa vinyonga, chokaa ya mifugo, ule unga wenye kalsiamu, unanunua, kuchanganya unajua, na nyenje unawalisha. Kisha unaharibu yote mwishoni: unawalisha Alhamisi na Ijumaa, unawahamishia kwenye ndoo tupu, na kinyonga anawala Jumapili. Kufikia siku hiyo matumbo yao ni matupu na kalsiamu uliyoinunua imebaki kwenye kinyesi chini ya ndoo.

Nyenje hahifadhi kalsiamu mwilini. Fosforasi yake inaizidi kalsiamu mara kadhaa, ilhali kinyonga anahitaji kalsiamu iwe angalau sawa na fosforasi, na ni afadhali ifike hata mara mbili yake. Ile unayomwongezea nyenje hukaa tumboni pamoja na chakula, na chakula kikitoka nayo imetoka. Waliozoea funza wa BSF, yaani nzi askari weusi, hukosea hapa. Funza wale wana kalsiamu kwenye ngozi yao, nyenje hana.

Saga upya gramu 800 za chakula cha vifaranga hadi kiwe laini kama unga, changanya na gramu 200 za chokaa ya mifugo. Chokaa ikiwa na kalsiamu asilimia 38, mchanganyiko utakuwa na takriban asilimia 8. Tumia mizani! Kiganja si kipimo. Chakula cha kuku wa mayai peke yake hakitoshi, kwani kina karibu asilimia 4 tu. Chokaa ya kujengea usiiguse kabisa, inaunguza.

Sasa saa. Ukilisha vinyonga Jumamosi saa 3 asubuhi, mchanganyiko uwekwe kwenye banda la nyenje Alhamisi saa 3 asubuhi, yaani saa 48 kabla, na ubaki humo hadi dakika unayowatoa nyenje. Unawasafirisha? Wasafiri na chakula chao. Katika saa hizo 48 ondoa karoti na sukuma wiki, maana wakiziona wataziparamia na unga wako watauacha. Maji yawe kwenye sifongo iliyolowa, kwa sababu nyenje mwenye kiu hali chakula kikavu. Banda lao liwe na joto la nyuzi 27 au zaidi. Kwenye baridi hawali.

Wala usipitishe siku tatu. Kuna wanaowakuzia nyenje kwa mchanganyiko huu tangu wadogo, halafu wanashangaa wanakufa kwa wingi. Hiki si chakula cha kukuzia.

Hata ukiwapaka unga wa kalsiamu mwilini, nyenje hujisafisha. Toa wale tu ambao kinyonga atawamaliza mara moja, na waliobaki warudishe kwenye mchanganyiko wakale tena.

Vinyonga wachanga wakikua na taya gumu na miguu iliyonyooka, umepatia. Ambaye taya lake limeshalegea kwa kukosa kalsiamu mpeleke kwa daktari wa mifugo leo. Kubadilisha chakula cha nyenje peke yake hakutamtosha.